Usipimane Nguvu na Boti: Mwongozo wa Slalomu ya Majini kwa Wenye Haraka

Boti inayovuta wachezaji wa skii ya majini siku hizi ina injini ya zaidi ya nguvu za farasi 300. Wewe una mabega mawili, viwiko viwili na kiuno kimoja. Hata hivyo, kwenye kila ziwa lenye maboya utamkuta mtu mzima mwenye akili zake timamu amekunja mikono, amekaza shingo na kuuvutia mpini kifuani, akiamini kwamba leo ndiyo leo, boti itasalimu amri. Haisalimu. Anaokotwa karibu na boya la tatu, anatema maji, anajipangusa uso, kisha anainua kidole gumba juu. Kwa lugha ya ishara za mchezo huu, kidole gumba juu maana yake ni "ongeza kasi".

Mwongozo huu ni wake, na ni wako pia ikiwa umejiona humo. Nitakutania, lakini kila ninaloagiza ndilo ninaloliamini, kwa sababu slalomu ni mchezo mtamu mno kuachiwa watu wanaojitesa bure. Nina neno moja tu, na hatua zote zinazofuata zinalizunguka: boya halishindwi pale lilipo. Linashindwa sekunde mbili kabla hujalifikia. Ukizichezea hizo sekunde mbili, misuli yote uliyojaliwa itakusaidia kwa jambo moja tu, kuanguka kwa kishindo kikubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: ujue uwanja unaokudai

Watu wengi huingia uwanjani bila kuujua, kisha hulaumu maji. Uwanja wa slalomu una urefu wa mita 259. Una lango la kuingilia, maboya sita ya kuzungukwa na mchezaji, na lango la kutokea. Boti haizunguki chochote. Inapita katikati kwa mstari ulionyooka, baina ya jozi za maboya yake. Maboya yako yapo mita 11.5 kutoka mstari huo, matatu kulia na matatu kushoto, kwa zamu. La kwanza liko kulia. Kutoka langoni hadi hapo ni mita 27, ukipima kwa kufuata mwendo wa boti, na kutoka boya moja hadi jingine ni mita 41.

Sasa tupige hesabu. Katika mashindano, kasi ya juu kwa wanaume ni kilomita 58 kwa saa, na kwa wanawake ni 55. Kwa kasi ya 58, uwanja mzima unakwisha ndani ya sekunde 16 hivi. Baina ya boya na boya una sekunde mbili na nusu. Humo ndani unatakiwa uvuke mita 23 za upana, uyapite mawimbi mawili yanayotoka nyuma ya boti, upunguze mwendo, ugeuke, na uwe umeshaanza safari ya kurudi upande wa pili.

Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini utaona kwamba hakuna nafasi iliyotengwa ya kurekebisha makosa. Kosa hulitui njiani, unakwenda nalo. Ukichelewa kidogo boya la kwanza, unachelewa zaidi la pili, la tatu unalizunguka ukiwa umelala kisogo, na la nne unaliaga kwa mbali. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na habari za boti, lakini hapa ufa na ukuta vinapishana kwa sekunde tano tu.

Kwa hiyo, ukianguka kwenye boya la nne, usiulize umekosea nini kwenye boya la nne. Uliza ulipitaje langoni. Mpe mwenzako simu akurekodi kutoka kwenye boti, kisha mkitazama picha zile anzeni mwanzo kabisa, wala msizirushe hadi mahali pa kuanguka. Pale pa kuanguka panachekesha, ila hapafundishi.

Hatua ya pili: inuka majini kama aliyewahi kufundishwa na historia

Tarehe 2 Julai 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, kijana wa Kimarekani aitwaye Ralph Samuelson alisimama juu ya maji ya Lake Pepin, pale ambapo mto Mississippi unapanuka mbele ya mji wa Lake City, jimboni Minnesota. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mbao za pipa zikamkatalia, akajaribu skii za theluji zikamkatalia. Akanunua mbao mbili za msonobari, akazichemsha ncha zake katika chungu cha shaba cha mama yake hadi zikalainika, akazikunja. Kaka yake Ben alishika usukani. Bado aliendelea kuzama.

Kilichomwokoa hakikuwa mbao mpya wala boti kubwa zaidi. Alibadili jinsi ya kukaa majini: akaegemea nyuma na kuziacha ncha za mbao zitokeze juu ya maji kabla kamba haijakaza. Boti ilipovuta, akainuka. Dunia ikapata mchezo kwa sababu mtu mmoja alikubali kubadili mkao wake badala ya kugombana na kamba.

Fanya hivyo hivyo. Kaa majini umejikunja, magoti karibu na kifua, mikono imenyooka, ncha ya skii ikichungulia juu ya maji, kamba ikipita pembeni mwake. Dereva akivuta, usifanye kitu. Ndiyo, usifanye kitu. Skii itapanda yenyewe juu ya maji, nawe utainuka polepole ukiwa bado umejikunja. Kosa la wenye haraka ni kutaka kusimama wakati skii ingali chini. Hapo unakuwa umejigeuza ukuta, na maji yana adabu moja tu kwa kuta: kuzisukuma.

Kama bado unatumia skii mbili, usione haya, maana karibu kila bingwa alianzia hapo. Ukiwa unateleza, inua mguu mmoja kidogo, kisha mwingine. Mguu uliosimamia vizuri zaidi ndio wa kuweka mbele utakapohamia skii moja.

Hatua ya tatu: simama kama mbeba ndoo

Mkao ndio nusu ya mchezo, na wengi hawauangalii kwa sababu hauuzwi dukani. Mtazame mwanamke anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Hainami kiunoni, hatazami vidole vya miguu, hakazi mabega. Kichwa kiko juu, nyonga ziko chini ya mzigo, magoti na vifundo vya miguu vinacheza kila ardhi inapobadilika. Mzigo mzima unashuka kwa mifupa hadi chini. Huo ndio mkao wa slalomu, na tofauti ni moja tu: mzigo wako hautoki juu, unatoka mbele, mwisho wa kamba.

Kwa hiyo, kunja vifundo vya miguu kwanza, kisha magoti kidogo. Sukuma nyonga mbele hadi ziwe juu ya mguu wa mbele. Shusha mpini hadi usawa wa kiuno, viwiko vikiwa vimegusa jaketi la kuokolea. Mikono inyooke bila kukakamaa. Kiganja kimoja kitazame juu na kingine chini. Macho yaende kwenye upeo wa ziwa.

Mtu aliyekaa chooni hatelezi slalomu. Nasema hivi kwa upendo, maana mkao wa kukaa, makalio nyuma na kifua mbele, ndio ugonjwa mkuu wa wachezaji wa kati. Ukikaa hivyo, uzito wote unarudi mguu wa nyuma, ncha ya skii inanyanyuka, skii inagoma kugeuka, na kamba inakuvuta kiuno hadi ukunjike. Kamba hukatikia pabovu, na mwili nao hukunjika pabovu: palipo legevu ndipo boti itakapopapata.

Fanyia kazi mkao huu nchi kavu. Funga kamba kwenye nguzo imara au mti, shika mpini, egemea. Jisikilize. Ikiwa mikono inatetemeka ilhali miguu imestarehe, umekosea. Mzigo umekaa mahali ambapo haukupaswa kukaa. Sogeza nyonga kuelekea mpini mpaka uhisi mikono imepumzika na miguu ndiyo inayofanya kazi. Ukiupata mkao huo pale mtini, kaa nao hadi mwili uuzoee. Majini hutapata muda wa kuutafuta.

Hatua ya nne: lango si mapambo

Lango lina upana wa mita mbili na nusu tu, na wenye haraka hulipita kama wageni waliokosea nyumba, wakiomba radhi. Wanajua kwamba wasipopita ndani yake hawapati alama, basi wanaridhika kupita tu. Hilo halitoshi. Namna ulivyopita langoni ndiyo itakayoamua utalifikia wapi boya la kwanza, na boya la kwanza ndilo litakaloamua matano yaliyobaki.

Kabla ya lango, toka kwenda kushoto kwa boti, mbali, hadi ukaribie kwenda sambamba na maboya yako ya upande huo. Huko nje, tulia. Teleza ukiwa mrefu, kamba imekaza, mwendo wako ukishuka hadi kulingana na wa boti. Kisha geuka taratibu, jaza mzigo hatua kwa hatua, uvuke lango ukiwa karibu na boya lake la kulia. Ukivuka hapo ukiwa tayari umelala upande, boya la kwanza litakukuta ukiwa mpana na mwenye muda.

Utajuaje lini ugeuke? Chagua alama moja unayoiona kila mara, na uitumie vilevile kila mara mpaka anayekufundisha aseme uibadilishe. Anayebadili alama yake kila mzunguko hajui amechelewa kwa sababu gani, maana kila mara anachelewa kwa sababu mpya.

Hatua ya tano: egemea, usivute

Hapa ndipo ugomvi na boti hutokea. Niliwahi kukaa kiti cha mtazamaji, ndani ya boti, katika moja ya maziwa yaliyochimbwa makusudi kwa mchezo huu huko Florida ya kati, membamba na marefu, jua halijapanda bado na maji yakiwa kama yalivyolala. Kijana wa Kitanga alikuwa majini. Usukani ulikuwa mikononi mwa mzee wa Mombasa aliyeishi huko miaka mingi. Kijana alipita mara mbili, mara zote mbili akaishia boya la tatu, mikono imekunjwa hadi mpini unagusa kidevu. Boti iliporudi kumchukua, alikuwa anahema.

"Ami, hii boti inanivuta sana," alisema.

"Boti haikuvuti, mwanangu," mzee akamjibu. "Inakwenda zake. Wewe ndiye unayeivuta. Nyoosha mikono hiyo, ulale upande, uiache ikupeleke."

Kijana hakubishana. Mzunguko uliofuata alinyoosha mikono, na kwa macho yangu niliona tofauti: bega lililo mbali na boti lilishuka, skii ikalala ubavu, na ule msukosuko wa maji nyuma yake ukageuka kuwa pazia moja refu, safi. Akafika boya la tano.

Maelezo yake ni haya. Skii ikilala ubavu, maji yanaisukuma kwenda pembeni, na kamba inakuzuia usikimbie. Kati ya nguvu hizo mbili ndipo mwendo unapozaliwa. Kazi yako ni kuulaza mwili wote kwa pamoja, kuanzia vifundo vya miguu hadi kichwa, ukiegemea mbali na boti, na kubaki hivyo. Ukikunja mikono, unaleta mabega kwenye boti, skii inarudi bapa, na ule ubavu uliokuwa unakupeleka pembeni unapotea. Umevuta kwa nguvu zako zote, na malipo yake ni kwamba unakwenda moja kwa moja nyuma ya boti.

Na ulale wapi? Anza mara tu unapomaliza kugeuka, ongeza taratibu, na kilele kiwe pale katikati, kwenye maji meupe ya nyuma ya boti. Ukilipita wimbi la pili, acha skii ibadili ubavu yenyewe chini yako. Anayeendelea kulala baada ya hapo anafika kwenye boya akiwa na kasi asiyoihitaji, na kasi ya ziada kwenye boya ni deni.

Hatua ya sita: mpini usiuache mapema

Baada ya wimbi la pili, mkono mmoja utaachia ili mwingine unyooke kuelekea boti wakati wa kugeuka. Wenye haraka huachia papo hapo, kana kwamba mpini unaunguza. Mpini ukienda mbali na mwili mapema, kamba inakurudisha ndani, na ule upana ulioutafuta kwa jasho unayeyuka. Shika kwa mikono miwili, viwiko mbavuni, mpaka skii imebadili ubavu na inakwenda nje yenyewe. Ndipo unyooshe mkono, taratibu, ukiufuata mwendo wa kamba bila kuurusha.

Kifua na nyonga vibaki vimeelekea boti. Ukigeuza kifua kuelekea ufukwe, utalitazama boya kwa raha zako, lakini utakuwa umejifungia mlango wa kugeukia.

Hatua ya saba: subiri skii imalize maneno yake

Kugeuka ndiko kunakopendeza kupigwa picha, kwa hiyo ndiko kunakoharibiwa zaidi. Mchezaji anaona boya, anashtuka, anakita kisigino cha nyuma na kuikata skii kwa ghafla. Maji yanaruka juu, watazamaji gatini wanapiga makofi. Kamba inalegea. Imelegea kwa sababu ameelekea kwenye boti haraka kuliko boti inavyomkimbia. Nusu sekunde baadaye boti inaumaliza ulegevu huo kwa mkupuo mmoja, na yule aliyepigiwa makofi anatandikwa majini uso kwa uso.

Dawa ni subira. Kugeuka kuje kwenyewe: uzito ubaki mguu wa mbele, kichwa kisimame sawa, skii izunguke chini yako hadi ielekee ng'ambo. Kisha peleka nyonga kwenye mpini. Usilete mpini kwenye nyonga. Ukiuvuta mpini, mabega yanatangulia na mkao wa mbeba ndoo unavunjika. Ukipeleka nyonga, kamba inakukuta umesimama imara.

Macho nayo yana kazi yake. Usilitazame boya unalozunguka; halitakwenda popote. Tazama mbele na ng'ambo, maana mwili hufuata macho.

Na kamba ikilegea sana, iachie. Hakuna boya lenye thamani ya bega lako. Usizungushe kamba mkononi kamwe, wala usipitishe mkono au kichwa katika pembetatu ya mpini, hata ukiwa unasubiri tu majini. Hilo halina utani.

Hatua ya nane: mheshimu dereva na mtazamaji

Wapo wachezaji wanaomsahau dereva kama wanavyomsahau kondakta wakishafika. Dereva anashika mstari ulionyooka huku wewe ukimvuta kulia na kushoto mara sita. Akiyumba, maboya yako yanakuwa yamehama. Kasi siku hizi inashikwa na kifaa cha setilaiti, lakini mstari ni wa mikono yake. Mshukuru.

Mtazamaji naye si abiria. Jimboni Florida sheria inadai boti inayovuta mchezaji wa skii iwe na mtu mwingine anayemwangalia au kioo kipana cha kuonea nyuma, na kuvuta watu hakuruhusiwi kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla halijachomoza. Jifunzeni ishara kabla ya kuondoka gatini. Kidole gumba juu, ongeza; chini, punguza. Kupiga kichwa kwa kiganja, turudi gatini. Na ukianguka, unganisha mikono juu ya kichwa kuonyesha kwamba uko salama. Usipoonyesha, wenzako watakurudia wakiwa na hofu.

Hatua ya tisa: acha kulaumu pezi

Kila gati lina mganga wa vifaa. Akikosa boya, anafungua begi, anatoa kipimo na kuanza kulisogeza pezi dogo lililo chini ya mkia wa skii. Ni kweli kwamba pezi lina maana. Wachezaji wa juu hulipima kwa sehemu za elfu moja za inchi, kina chake, urefu wake na umbali wake kutoka mkiani, na badiliko dogo hugeuza tabia ya skii nzima. Lakini sehemu za elfu moja za inchi haziwezi kumtibu mtu aliyekaa na makalio nyuma.

Yaliyo ya lazima ni machache. Skii iwe na urefu unaolingana na uzito wako na kasi unayotumia. Viatu vikushike vizuri, na ukianguka miguu yote miwili itoke au yote ibaki, kwa sababu mguu mmoja unaotoka peke yake ndio unaovunja vifundo. Pezi lipangwe kama kiwanda kilivyoelekeza. Baada ya hapo, funga begi. Lifungue tena siku ambayo mkao wako haubadiliki mzunguko hadi mzunguko, maana hapo ndipo utakapojua kilichobadilika ni pezi au ni wewe.

Hatua ya kumi: kamba fupi ni ya waliostahili

Mashindano ya slalomu yana ngazi. Mchezaji anaanza na kamba ya mita 18.25, na kila akimaliza maboya sita kasi inaongezwa kilomita tatu kwa saa. Akifika kasi ya juu ya kundi lake, kasi inabaki hapo na kamba ndiyo inafupishwa: mita 16, 14.25, 13, 12, 11.25, 10.75, 10.25, 9.75. Anaendelea hadi akose.

Tazama namba hizo tena. Boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa boti. Kamba ikiwa ya mita 18.25, unalifikia boya ukiwa umetoka nyuma ya boti kwa karibu digrii 40, ukipuuza urefu wa mkono. Ikiwa ya mita 13, unapaswa kupanda zaidi ya digrii 60 kuelekea ubavuni mwa boti. Kuanzia mita 11.25, kamba haifiki kwenye boya. Mchezaji anakamilisha umbali kwa mwili wake mwenyewe, amelala juu ya maji, mkono umenyooka, mpini uko ndani na skii inapita nje. Mwaka 2013 Nate Smith wa Marekani aliweka rekodi ya dunia kwa kuzunguka maboya mawili na nusu kwa kamba ya mita 9.75, ambayo ni fupi kuliko umbali wa boya kwa mita moja na robo tatu.

Ukiwatazama watu wa ngazi hiyo, kinachoshangaza ni utulivu. Mwingereza Andy Mapple, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara kadhaa, alijulikana kwa ulaini wa mwendo wake. Regina Jaquess wa Marekani, mfamasia kwa taaluma na mmoja wa wanawake waliowahi kushika rekodi ya dunia, anapita maboya ambayo wanaume wengi wenye vifua vipana hawayafikii. Kama slalomu ingekuwa mchezo wa misuli, isingekuwa hivyo.

Basi usikimbilie kamba fupi, wala usikimbilie kasi. Ukimaliza maboya sita kwa bahati, ukitapatapa, hujayamaliza, umeponea. Rudia kasi hiyo hiyo mpaka upite maboya yote ukiwa mpana na mapema, kisha urudie tena siku yenye upepo kidogo. Hapo ndipo upande. Na ukitaka kuonja kamba fupi, shusha kasi kwanza, ujifunze njia yake bila vitisho.

Ratiba ya mwenye kutaka kupona

Mizunguko sita hadi minane kwa mara moja inamtosha mtu wa kawaida. Baada ya hapo mwili umechoka, na mwili uliochoka unajifunza mbinu za kuponea tu. Anza na mizunguko miwili nje ya maboya, ukivuka mawimbi kushoto na kulia, ukiangalia mkao peke yake. Kama ziwa lina maboya ya ndani yaliyo karibu zaidi na boti, yatumie bila aibu. Yanakupa mpangilio ule ule wa lango, kulala, kubadili ubavu na kugeuka, ila kwa umbali unaokuachia muda wa kufikiri.

Kisha ingia uwanjani ukiwa na jambo moja kichwani. Moja. Ukiingia na manne, mpini, macho, nyonga na kisigino, hutatimiza hata moja, maana sekunde mbili na nusu hazina nafasi ya mkutano. Mwambie dereva ni lipi, ili naye akuangalie hilo tu na akukatalie unapoomba kuongeza kasi kabla ya wakati. Ukirudi gatini, andika: lango lilikuwaje, boya gani ulianza kuchelewa, ulibadili nini. Daftari halitakuonea haya kama marafiki.

Kwa kipindi chako kijacho, hii ndiyo kazi ninayokuachia. Shusha kasi kwa kilomita tatu chini ya ile unayojisifia. Chagua lango kuwa jambo lako moja. Toka mapema, tulia huko nje, geuka taratibu, upite karibu na boya la kulia ukiwa umenyoosha mikono. Usihesabu maboya siku hiyo. Hesabu malango uliyopita vizuri. Yakizidi yale uliyoharibu, rudi siku nyingine na uhamie kwenye wimbi la pili. Ukifuata mpangilio huo, utafika kwenye kasi unayoitaka ukiwa na mabega mazima na pumzi ya kutosha kumshukuru dereva.